Nimeibiwa Simu: Kauli ya Kutendwa ya Kiingereza katika Madarasa Yetu



Yeyote aliyepita sekondari katika nchi zetu, iwe Tanga au Kisumu, anaijua sentensi ya nyoka. Mwalimu anaandika ubaoni: "The farmer killed the snake." Pembeni anaweka maelekezo: anza na "The snake". Darasa zima linainama na kuandika: "The snake was killed by the farmer." Vema, alama moja. Inafuata "Juma kicked the ball", na mpira nao unapigwa na Juma. Inafuata ya tatu, ya nne, hadi ya kumi. Aliyepata kumi kwa kumi anakwenda nyumbani akiamini kwamba mada imekwisha.

Tumfuate kijana huyo baada ya miaka michache. Amepata kazi katika kampuni ya utalii Arusha. Simu ya ofisi aliyokabidhiwa imechomolewa mfukoni kwenye daladala, na bosi wake, Mholanzi, anataka maelezo kwa maandishi. Kijana anaandika: "I was stolen my phone."

Tazameni alichoandika. Kiima kipo. "Was" ipo. Umbo la tatu la kitenzi lipo, tena limeandikwa bila kosa. Kwa kanuni ya ubaoni, sentensi imetimia. Lakini bosi anasoma kwamba aliyeibwa ni kijana mwenyewe, na haelewi simu imeingiaje hapo. Kwa Kiswahili kijana alikuwa amesema jambo safi kabisa: nimeibiwa simu.

Ninalotaka kulitetea jioni hii ni hili. Watoto wetu hawashindwi na kauli ya kutendwa ya Kiingereza kwa sababu ni kitu kigeni kwao. Wanayo nyumbani, tena kwa wingi kuliko Waingereza. Wanakwama kwa sababu tunawafundisha kugeuza sentensi, hatuwafundishi kuchagua sentensi imhusu nani. Na hatuwaonyeshi mahali ambapo utajiri waliokuja nao unaachana njia na Kiingereza.

Nianze na umbo, maana hapo ndipo vitabu vyetu vinapoanzia na, kwa bahati mbaya, vinapoishia.

Kiswahili kinamaliza kazi hii kwa sauti moja. Anapiga, anapigwa, alipiga, alipigwa, atapiga, atapigwa, angepiga, angepigwa. Kiambishi cha wakati hakitikisiki. Penye mzizi unaoishia kwa irabu, -w- huomba msaada kidogo: kula huwa kuliwa, kuchukua huwa kuchukuliwa, kuondoa huwa kuondolewa. Mtoto hujifunza haya bila kufundishwa, na mapema. Mwaka 1989 mwanaisimu Katherine Demuth alichapisha utafiti kuhusu watoto wanaokua wakizungumza Kisotho, ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Alionyesha kwamba watoto hao huitumia kauli ya kutendwa kwa uhuru kabla hawajatimiza miaka mitatu. Wakati huo wataalamu wengi walikuwa wakidai kwamba akili ya mtoto haiko tayari kwa kauli hiyo mpaka akaribie umri wa kwenda shule. Walikuwa wamechunguza zaidi watoto wa Kiingereza.

Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Katika Kiingereza cha kale kilibaki kitenzi kimoja tu chenye umbo la kutendwa ndani yake, chenye maana ya "anaitwa", nacho kikafa. Kazi ikaachiwa vitenzi visaidizi viwili. Kimoja kilikuwa jamaa wa "werden" inayotumika hadi leo katika Kijerumani. Kikapotea katika Zama za Kati. Ikabaki "be" peke yake, ikibeba mzigo wa wawili. Ndiyo maana "The door was closed" huwatatiza wanafunzi wetu, na wana haki ya kutatizika. Je, mlango ulifungwa, au ulikuwa umefungwa? Kiswahili kinatofautisha tendo na hali. Kiingereza kinaacha maneno ya jirani yaamue.

Jambo la kumwambia mwanafunzi kuhusu umbo ni fupi kuliko jedwali lolote: kitenzi kikuu kinaganda katika umbo lake la tatu, na "be" ndiyo inayotembea katika nyakati. "Is written, was written, will be written, has been written, would have been written." "Written" haibadiliki katika zote. Akilielewa hili hana haja ya kukariri kurasa mbili za nyakati.

Hata umbo linaloonekana gumu kuliko yote, "is being written", si la kale kama watu wanavyodhani. Zamani Mwingereza akitaka kusema nyumba inajengwa alisema "The house is building", na Jane Austen bado aliandika kwa mtindo huo mwanzoni mwa karne ya 19. Mojawapo ya mifano ya mwanzo ya mtindo mpya imo katika barua ya mshairi Robert Southey ya mwaka 1795. Wahafidhina walikasirika. Mmarekani Richard Grant White, katika kitabu chake cha 1870 kuhusu matumizi ya maneno, aliushambulia kwa kurasa nyingi kama upuuzi. Leo umo katika kila kitabu cha kiada, na anayesema "The house is building" ndiye atakayewekewa alama ya mkasi. Nalitaja hili kwa ajili ya walimu wanaoichukulia sarufi ya Kiingereza kama kitu kilichoshushwa kikiwa kimekamilika.

Sasa barua ya kuomba kazi. Kila afisa utumishi aliyemo ukumbini ameisoma sentensi hii: "I have informed that there is a vacant post in your company." Mwombaji alikusudia: nimearifiwa. Mwajiri anasoma: nimearifu. Kosa limetoka wapi? Mwombaji amelifungua neno lake kipande kwa kipande. Nime- ni "I have", arifu ni "informed", kila kipande kimepata mwenzake. Iliyokosa mwenzake ni ile -w-, sauti ndogo iliyozama katikati ya neno. Upande wa Kiingereza mwenzake ni "been", nayo hutamkwa haraka kiasi kwamba sikio lisilozoea haliisikii. Sauti mbili zisizosikika vizuri zimekutana, na maana imegeuka juu chini. Mwalimu anayeandika "tense!" pembeni kwa wino mwekundu hajamsaidia mwombaji huyu, kwa kuwa wakati haukukosewa.

Magazeti ya Kiingereza yanaongeza utata. Kichwa cha habari husema "Two killed in bus crash", na "were" imeachwa ili kuokoa nafasi. Vitenzi vingi vya Kiingereza vina umbo moja kwa wakati uliopita na kwa umbo la tatu, hivyo msomaji mchanga anaweza kudhani wawili hao ndio waliua. Gazeti la Kiswahili linaandika "Wawili wauawa", na hakuna anayebabaika.

Nirudi kwa kijana wa Arusha, kwa sababu hapo ndipo penye mali nyingi zaidi, na ndipo ambapo silabasi hazigusi kabisa.

Katika Kiswahili mtu anaweza kuwa kiima cha kauli ya kutendwa hata kama tendo halikumgusa mwili, mradi limemfikia. Nimeibiwa simu. Amevunjiwa nyumba. Amefutiwa leseni. Tumekatiwa umeme. Amefiwa na baba. Katika sentensi hizi zote aliyekaa mbele ni mtu aliyepatwa, na kitu chenyewe, simu au leseni, kinafuata nyuma. Sarufi zetu huiita kauli ya kutendewa. Ndiyo kauli tunayoitumia tukipeana habari za misiba, hasara na fadhila, maana kwetu habari ni ya mtu kwanza, vitu baadaye.

Kiingereza kwa sehemu kubwa hakikubali. Kinaruhusu kwa vitenzi vichache vya kupeana na kuambiana: "She was given a book", "I was told the news". Hapo mwanafunzi wetu yuko nyumbani, na anapata alama zake. Kisha anasonga hatua moja, anasema "I was explained the matter", kwa kuwa alielezwa jambo. Au "I was said to come tomorrow", kwa kuwa aliambiwa aje kesho. Anakatwa alama bila kuelezwa kwa nini. Sababu ni kwamba "explain" na "say" haziruhusu msikilizaji akae mahali pa yambwa, kwa hiyo hawezi kupanda kuwa kiima. "Tell" inaruhusu. Hakuna mantiki kubwa zaidi ya hiyo. Ni desturi ya kila kitenzi, na inafaa ifundishwe kitenzi kwa kitenzi.

Kwa "nimeibiwa" Kiingereza kina njia yake, nayo haimo katika sura ya kauli ya kutendwa katika vitabu vyetu vingi. Njia hiyo ni "have": "I had my phone stolen." "He had his licence revoked." "We had our electricity cut off." Mtu anabaki mbele, kitu kinafuata, kitenzi kinakaa mwisho katika umbo la tatu. Ukiiweka kando ya "amefutiwa leseni" utaona jinsi zinavyolingana. Umbo hilohilo hutumika pia kwa mtu aliyeagiza afanyiwe kazi: "I had my hair cut", yaani nilikwenda kunyolewa. Muktadha ndio unaoamua kama ulitaka au ulitendewa bila kutaka. Vitabu hulifundisha hili la saluni peke yake, katika sura nyingine, mbali na la mwizi. Mimi ningeanza na la mwizi, kwa sababu mtoto wetu analihitaji zaidi na tayari ana kauli yake mdomoni.

Kufiwa ni habari nyingine. Tukisema amefiwa na mkewe, tunatumia kitenzi kisichokuwa na yambwa kabisa, kufa, tukakifanya kimwelekee mtu aliyebaki. Kiingereza hakiwezi kumfanya mfiwa kiima cha "die" kwa mbinu yoyote. Kinasema "He lost his wife", au kwa lugha rasmi "He was bereaved". Hapa cha kufundisha ni msamiati tu.

Mvua na wezi wana siri yao. "Tumenyeshewa" ni "We were rained on". "Tumeingiliwa na wezi" ni "Our house was broken into". Wanafunzi huviona vihusishi hivi, "on" na "into", vikining'inia mwishoni bila nomino, na wanavidhani ni uchafu, wanavifuta. Matokeo yake ni "Our house was broken", na msomaji anafikiri nyumba imebomolewa. Mwambieni mwanafunzi kwamba "into" ile inafanya kazi iliyofanywa na -li- iliyotangulia -w- katika "ingiliwa". Kiswahili kimeimeza ndani ya kitenzi, Kiingereza kimeiacha nje. Nimeona darasa la kidato cha tatu likilipokea jambo hili kwa dakika chache, baada ya mwaka mzima wa kufutiwa sentensi.

Nisipite ndoa. "Asha ameolewa na Juma." Mwanafunzi anaandika "Asha was married by Juma", na sarufi haina kasoro. Ila Mwingereza ataelewa kwamba Juma ni padri, au kadhi, aliyeifungisha ndoa hiyo. Anayeolewa kwa Kiingereza ni "married to", na kitenzi "marry" hakijali nani ni mume na nani ni mke.

Hadi hapa nimezungumzia upungufu. Kuna na ziada. "The accident was happened." "The ship was sank." Walimu huyaita makosa ya uzembe. Lakini makosa hayahaya yameripotiwa kwa wanafunzi wa Kijapani, Kikorea, Kihispania na Kiitaliano, na si rahisi wote hao kuwa wazembe kwa namna moja. Mwanafunzi ameona kwamba kiima hakikufanya kitu: ajali haikujituma kutokea, meli haikuamua kuzama. Anatafuta alama ya kuonyesha hivyo, na alama pekee aliyofundishwa ni "was". Amefikiri vizuri kwa chombo kibaya.

Sisi tuna chombo cha kazi hiyo, kauli ya kutendeka. Mlango ulifunguliwa, yaani kuna aliyeufungua. Mlango ulifunguka, na hatusemi lolote kuhusu mtu. Kiingereza hakina alama ya pekee ya kutendeka, hutumia kitenzi kikiwa uchi: "The door opened. The glass broke. The ship sank." Kwa hiyo sheria ya kumwachia mwanafunzi ni rahisi: unapotaka kusema ulifunguka, usilete "was".

Tofauti hii si ya mapambo. Mtasema sawasawa "Meli ilizamishwa ili mwenyewe alipwe bima". Jaribuni kusema "Meli ilizama ili mwenyewe alipwe bima", inakataa. Kauli ya kutendwa inamficha mtenda, lakini haimwondoi. Imemwekea kiti kitupu mezani, na yeyote anaweza kukinyooshea kidole na kuuliza, na nani? Kutendeka hakuna kiti. "Fedha zilipotea na nani?" ni swali ambalo lugha yenyewe inalikataa.

Ndiyo maana nacheka kidogo nikisoma lawama ambazo Wamarekani wameirushia kauli ya kutendwa kwa sababu ya wanasiasa wao. Januari 1987, Rais Ronald Reagan, akizungumzia kashfa ya silaha zilizouzwa Iran, alilitangazia taifa kwamba makosa yalifanywa. Hakusema na nani. Hakuwa wa kwanza: Rais Ulysses Grant alitumia karibu maneno hayohayo mwaka 1876. Mchambuzi William Schneider akaipa sentensi hiyo jina la kejeli, ambalo kwa Kiswahili ningelifasiri kuwa wakati uliopita wa kujisafisha. Sawa. Lakini yeyote angeweza kumwuliza Reagan, makosa ya nani? Kiti kilikuwepo. Linganisheni na taarifa zetu za ofisini: fedha zilipotea, mafaili yaliungua, mafuta yalivuja, makosa yalijitokeza. Hakuna hata kauli moja ya kutendwa humo, na hakuna mtu. Laiti viongozi wetu wangeitumia kauli ya kutendwa zaidi, tungekuwa na mahali pa kuanzia maswali.

Hili linanifikisha kwa maadui wa kauli hii, kwa kuwa wanafunzi wetu wa shahada za juu wanawasikia kila siku. Mwaka 1946 George Orwell, katika insha yake kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni kwamba usitumie kauli ya kutendwa pale unapoweza kutumia ya kutenda. Kabla yake, mwaka 1918, William Strunk wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa ametoa kijitabu cha uandishi chenye ushauri wa aina hiyo, na E. B. White alipokihariri upya mwaka 1959 kikawa kama msahafu katika vyuo vya Marekani. Leo programu za kompyuta zimerithi fatwa hiyo na kupigia mstari kila "was" inayofuatwa na kitenzi.

Tuwe waangalifu. Sentensi ya kwanza kabisa ya insha ya Orwell ina kauli ya kutendwa ndani yake, na si ya mwisho. Kuhusu Strunk na White, mwanaisimu Geoffrey Pullum wa Edinburgh alionyesha mwaka 2009 kwamba kati ya mifano minne wanayoitoa ya kauli ya kutendwa inayofaa kurekebishwa, mitatu si kauli ya kutendwa. Wenye kuikataza hawakuitambua walipoiona! Mwanafunzi wa Kiswahili, anayeisikia -w- tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, hangekosa hivyo.

Katika sayansi mambo ni kinyume. Ripoti ya maabara ya kidato cha nne hairuhusiwi kuwa na "I": chumvi iliyeyushwa, mchanganyiko ulipashwa moto. Tunawaambia watoto kwamba ndivyo sayansi inavyoandikwa tangu zamani. Isaac Newton, katika barua yake ya 1672 kuhusu mwanga na rangi, aliandika kwa nafsi ya kwanza: yeye ndiye aliyechukua mche wa kioo, yeye ndiye aliyetoboa tundu. Watson na Crick mwaka 1953 walianza makala yao ya DNA kwa "We". Jarida lililoichapisha, Nature, siku hizi linawashauri waandishi wapendelee kauli ya kutenda. Mimi nasema chumvi na iyeyushwe, kwa kuwa msomaji wa ripoti hajali nani aliishika chupa. Lakini penye uamuzi, kama vile kuacha sampuli fulani nje ya hesabu, mwandishi ajitaje.

Basi kauli hii ni ya nini hasa? Kwa Mwingereza, kazi yake kubwa ni kuweka mbele kile kinachozungumziwa. Mpangilio wa maneno wa Kiingereza ni mgumu: anayetangulia kitenzi ndiye kiima, basi. Sisi tuna uhuru. Tunaweza kusema "Reli ya Kati waliijenga Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914." Reli iko mbele kwa kuwa ndiyo habari yetu, na ile -i- ndani ya "waliijenga" inatuhakikishia kwamba reli haikujenga mtu. Hatujahitaji kauli ya kutendwa hata kidogo. Mwingereza hana hiyo -i-. Akitaka kuiweka reli mbele, njia yake ya kawaida ni "The Central Line was built by the Germans". Kwa hiyo kauli ya kutendwa ya Kiingereza mara nyingi hailingani na -w- yetu. Inalingana na sentensi yetu ya kutenda iliyotanguliza yambwa. Sijakiona kitabu cha kiada kinachomwambia mwanafunzi hivyo, na kwa maoni yangu ndilo jambo lenye faida kuliko yote niliyoyasema. Mwalimu akiandika ubaoni "Kitabu hiki nimekisoma", "Daraja hili walilijenga Wachina", "Yule mwizi wamemkamata", kisha akauliza Mwingereza angeanzaje, darasa litakuwa limejifunza matumizi kabla ya kugusa umbo.

Mfano wa mwisho, wamemkamata, unatupeleka kwa mtenda. Sarufi kubwa ya Kiingereza ya Randolph Quirk na wenzake, ya mwaka 1985, inakadiria kwamba sentensi nne kati ya tano za kauli ya kutendwa hazimtaji mtenda kabisa. Nendeni mkazitazame sentensi za mazoezi yetu: karibu kila moja ina "by". Tunawafunza watoto sura adimu ya kauli hii kama ndiyo ya kawaida, mpaka wanaandika "English is spoken by people" na "My shoes were polished by me". Anayekamatwa anakamatwa na polisi, nani mwingine? Mtenda atajwe anapokuwa habari mpya. Na akitajwa, "by" ni yake na "with" ni ya chombo: aliuawa na jambazi, kwa kisu. "Na" yetu hubeba kazi nyingi, kwa hiyo zoezi dogo hapo halidhuru. Kuhusu "get", kama katika "He got fired", nitasema tu kwamba ni ya mazungumzo, na mwanafunzi ataiokota mwenyewe.

Nimalize kwa ombi, na ombi langu ni kwa mabaraza ya mitihani kuliko kwa walimu. Mwalimu hufundisha kinachoulizwa, na hatuwezi kumlaumu. Acheni swali la kugeuza. Mpeni mtahiniwa habari kavu: basi limepinduka, abiria watano wameumia, dereva amekimbia, mmoja wa abiria ameibiwa mizigo yake yote, wanakijiji wamewapeleka majeruhi hospitali. Mwambieni aandike aya moja kuhusu abiria na nyingine kuhusu dereva. Katika aya ya kwanza atalazimika kuzitafuta "were injured", "were taken" na "had all his luggage stolen". Katika ya pili atagundua kwamba kauli ya kutenda inamfaa zaidi. Msahihishaji ataona mara moja nani anaijua lugha na nani anajua kupindua maneno.

Najua jibu litakaloletwa. Aya mbili huchukua muda mrefu kuzisahihisha kuliko sentensi kumi za kugeuza, na watahiniwa ni wengi mno. Ni kweli. Gharama hiyo ipo, na sasa hivi inalipwa na waajiri, na wahadhiri wa mwaka wa kwanza, na vijana wenyewe ambao barua zao hutupwa baada ya mstari wa kwanza. Naomba mabaraza yaichukue, hata kwa kuanza na swali moja katika mtihani mmoja.